Hayo matundu ukutani si ya bunduki: jibu kwa dada wa Mufindi mwenye ghala la mawe

Kamwene dada. Swali lako nimelisoma asubuhi, jioni nikalirudia, na zile picha nane nimezikuza kwenye kompyuta moja moja. Kwa ajili ya wasomaji wengine nalifupisha. Familia yenu ina jengo refu la mawe lililoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba hapo, nusu ghala, nusu zizi la farasi, limekaa kwenye mteremko. Babu anasema ni la Mjerumani, lilijengwa 1905, na yale matundu membamba ukutani ni ya kupigia bunduki. Miaka miwili iliyopita mlipiga lipu ya simenti upande wa zizi, sasa hivi imevimba na inamwaga unga mweupe. Juu ya mlango mkubwa kuna ufa. Fundi kasema bomoa, mawe yageuzwe kokoto, mjenge upya kwa tofali, na kwa upande wa zizi kachora sakafu ya zege. Nyie mnataka pa kuweka mahindi na pa kufugia ng'ombe wanane wa maziwa.

Jibu fupi: msibomoe, na huyo fundi aweke nyundo chini kwanza. Jibu refu ndo hili, kaa mkao wa kula.

Nianze na bunduki maana hapo ndo siri ya jengo lote ilipo. Kila jengo la mawe la zamani huku kwetu likiwa na tundu jembamba lazima utamkuta mzee anakwambia hapo alisimama askari. Sasa ingia ndani, simama kwenye tundu lolote, jifanye unalenga mtu anayekuja kutoka barabarani. Utakuta lingine liko usawa wa goti, lingine liko juu ya kichwa, na yale mawili ya kwenye pembetatu ya ukuta wa mwisho, kule juu karibu na kenchi, huyo askari angehitaji ngazi. Halafu umeandika mwenyewe kwamba umepima: upande wa nje sentimita 9, upande wa ndani sentimita 52. Hicho ni kipimo cha tundu la hewa. Nje mdomo ni mdogo, mvua ya upepo ikija inapiga jiwe haiingii, mwizi hapiti, mbuzi hapiti. Ndani linafunguka kama faneli, hewa ikiingia inatawanyika, na mwanga kidogo unaenea. Na hewa hiyo haikuwa anasa, kwa sababu majani makavu yakirundikwa yakiwa bado yana ubichi yanapata joto yenyewe kwa ndani, siku baada ya siku, mpaka yanaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Mwenye ghala alikuwa anaogopa moto na ukungu kuliko alivyoogopa maadui.

Sasa angalia picha ya tatu. Matundu sita upande wa mashariki yamezibwa kwa tofali na simenti. Nadhani mlifanya hivyo kwa ajili ya panya, naelewa kabisa, ila hapo mmeliziba jengo pua, halafu lipu ya simenti ikaja ikaliziba mdomo. Karibu matatizo yote uliyonitumia yanatoka kwenye hayo mawili na kwenye maji yanayoshuka mlimani.

Tuje kwenye umri. Picha ya tano inaonyesha linta ya zege, yaani boriti inayobeba mawe, juu ya mlango mdogo, na mawe ya juu yake yamekaa vizuri bila dalili ya kubomolewa na kurudishiwa. Kwa hiyo hiyo linta imezaliwa na ukuta, haikuchomekwa baadaye. Linta ya zege namna hiyo kwenye jengo la shamba, mbali na mji, inanipeleka zaidi miaka ya 1920 na 1930 kuliko 1905. Ila babu msimcheke. Wajerumani walinyang'anywa mashamba baada ya vita ya kwanza, wakaruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na wengi walikuja kukaa Iringa na Mufindi mpaka vita ya pili ilipoanza 1939 wakakamatwa tena. Kwa hiyo linaweza kuwa la Mjerumani kweli na bado likawa la miaka ya thelathini.

Na kitu kingine kinachoniudhi kidogo ni hii habari ya kwamba kujenga kwa mawe kuliletwa na wazungu. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilikuwa imezungushiwa ukuta wa mawe kabla Wajerumani hawajaivunja Oktoba 1894. Na tembe ya Kihehe ilikuwa inalaza watu na mifugo chini ya paa moja. Mzungu alikuja na mpango wake, sawa, ila mikono iliyopanga hayo mawe ya kwenu ni ya wazee wa hapo hapo.

Huo mpango wake wenyewe ukiuelewa utajua pa kugusa na pa kutogusa. Kwao Ulaya ghala la namna hii lilikuwa pa kufanyia kazi, siyo stoo tu. Ngano inavunwa na mabua yake, inaingizwa na mkokoteni, inarundikwa kushoto na kulia, katikati panaachwa sakafu ngumu ya kupuria. Baridi ikishika hakuna kazi shambani, basi watu wanapura pole pole humo ndani, wakimaliza wanafungua ile milango miwili inayotazamana, upepo unakatiza, wanapeta hapo hapo. Ndo maana ghala lenu lina milango mikubwa miwili usawa mmoja, ule unaosema "hauna kazi" ni wa kutolea upepo na wa kutokea mkokoteni bila kugeuza maksai ndani. Kuna ghala moja Uingereza, kijiji cha Great Coxwell, mbao zake zimepimwa zikaonekana za kama mwaka 1292, lina urefu wa mita 46 hivi na limesimama mpaka leo. Nguzo zake za mbao hazigusi udongo, zimekalishwa juu ya nguzo fupi za mawe zenye kimo cha mtu. Mbao kwenye udongo unyevu huwa haina maisha, na huku kwetu ongezea mchwa. Nenda kaangalie nguzo zenu mbili za katikati, kama zimekaa juu ya jiwe basi safi, ila kama kuna mtu amezizungushia zege chini "kuziimarisha", hilo zege litoeni mapema maana linashika maji na kuyanywesha mbao kwa chini.

Upande wa zizi sasa. Kufuga farasi Tanganyika haikuwa mchezo. Mabondeni kulikuwa na mbung'o, na hata ambako hakuna mbung'o kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaosambazwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Wenye farasi walijua kwamba ukiwafungia kabla jua halijazama na kuwatoa jua likiwa limepanda, wengi wanasalimika. Baridi ya Mufindi nayo ilisaidia. Rudi kwenye picha ya sita, fremu ya dirisha dogo la juu ina misumari midogo midogo kuzunguka pande zote nne, naamini kabisa hapo paligongewa wavu. Mlango wa zizi umekatwa vipande viwili ili cha juu kifunguliwe hewa iingie huku cha chini kimemzuia mnyama. Zile pete za chuma ukutani ni za kufungia, hori lilikuwa chini yake. Juu kuna dari ya mbao ya kuwekea majani makavu, na lile shimo la mraba uliloniuliza kama ni la ngazi, hapana, ni la kumwagia majani moja kwa moja kwenye hori.

Haya, unga mweupe. Hii ndo sehemu iliyonifanya nikae niandike usiku.

Unga ule siyo chokaa na siyo ukungu. Farasi anakojoa lita nyingi tu kila siku, na hapo walikaa miaka. Mkojo na samadi vimeingia sakafuni na kwenye ukuta wa chini, bakteria wakavigeuza kuwa chumvi, ile wazee wa pwani waliita shura. Chumvi hiyo ina tabia mbaya: hewa ikiwa na unyevu inanyonya maji, hewa ikikauka inaganda na kuwa vijiwe vidogo, na vikiganda vinahitaji nafasi, basi vinasukuma. Kila msimu vinasukuma. Lipu ya chokaa ina vitundu, chumvi inatoka nje taratibu, lipu inachakaa, unaibandua unapiga nyingine. Lipu ya simenti ni ngumu na nzito, chumvi inagandia nyuma yake, siku moja unagonga unasikia "ko ko ko", kumbe katikati ni hewa tupu, na ikidondoka inaondoka na uso wa mawe. Halafu kuna kichekesho: shura ni kiungo kikuu cha baruti. Uingereza karne ya 17 wafalme walikuwa na watu maalum wenye kibali cha kuingia kwenye mazizi na mabanda ya njiwa ya watu kuchimba sakafu waipate. Kwa hiyo babu kakosea matundu, na pengine mwaka, ila baruti ukutani karibu ipo.

Nalijua hili kwa sababu niliwahi kulifanya mwenyewe. Bado kijana, ndo kwanza nimepata saiti yangu ya kwanza, zizi la zamani la misheni moja upande wa Njombe, nikapiga lipu ya simenti ukuta mzima, nikapiga niru juu, ile simenti laini ya kumalizia, ukawa kama kioo, nikalipwa, nikasifiwa. Baada ya masika ya pili wakaniita. Ukuta ulikuwa umemwaga lipu yote ya chini, na chumvi ilikuwa imepanda mpaka usawa wa kifua kutafuta pa kutokea, wakati mwanzo ilikuwa chini ya goti. Nilirudia kazi kwa hela yangu.

Kwa hiyo banduani simenti yote ya ndani, taratibu, patasi iwe inalala sambamba na ukuta, msipige kwa nyundo kubwa kuelekea ndani. Jiwe lenyewe kwa picha ni graniti, haya haya kama lile jiwe kubwa la Gangilonga pale Iringa mjini, hilo halina neno. Kilicho dhaifu ni kilichopo kati ya mawe. Ukuta wa namna hii wa sentimita 55 mara nyingi ni kuta mbili zilizopeana mgongo, katikati wamejaza vijiwe na udongo, na kila baada ya hatua kadhaa wameweka jiwe refu linaloshika pande zote mbili. Hayo mawe ya kufunga ndo roho ya ukuta. Ukiona mahali ukuta umetoa tumbo, ujue hapo aidha mawe ya kufunga ni machache au maji yameingia katikati yakasomba udongo. Na sisi tuko kwenye bonde la ufa, tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa moja ya makubwa kabisa Afrika Mashariki, kwa hiyo tumbo la ukuta usilichukulie poa. Pima kwa timazi, ning'iniza kamba toka juu, andika nafasi kila nusu mita. Tumbo likiwa dhahiri usisogelee, niite mimi au injinia yeyote aliyewahi kushika majengo ya mawe.

Jua kwanza mna udongo au chokaa kati ya mawe. Chukua kidonge cha ndani, siyo cha juu kilichopigwa mvua, kitumbukize kwenye glasi ya maji ulale. Asubuhi kikiwa kimelainika na kuwa tope, ni udongo. Kikibaki kigumu, dondoshea siki, kikitoa mapovu ni chokaa. Majengo mengi ya shamba ya huku ni udongo ndani na chokaa mdomoni tu, yaani kwenye uso wa nje wa maungio, na siyo vibaya, mradi mdomo uwe umefungwa na mguu uwe mkavu.

Mguu mkavu ndo kazi ya kwanza kabla hata ya lipu. Mabati yenu hayana gata, maji yote yanadondoka chini ya ukuta na kurukia mawe, ukiangalia mita ya kwanza ya ukuta wa nje utaona imebadilika rangi. Na upande wa mlimani udongo umepanda miaka yote mpaka uko juu ya sakafu ya ndani. Chimbeni mtaro upande huo, uwe mita moja toka ukutani, usiende chini ya msingi hata kidogo, jazeni mawe na kokoto, uteremke kuelekea bondeni. Wekeni gata. Fungueni matundu yote sita, panya mtawazuia kwa wavu mgumu wa chuma. Halafu acheni jengo likauke. Najua hapa ndo mtanichukia, lakini acheni kiangazi kizima. Chumvi itakayotoka ifagieni kavu kwa brashi, mkusanye kwenye ndoo mkatupe mbali, msioshe kwa maji maana mtairudisha ndani.

Halafu chokaa, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu watu wa kilimo mnadanganyika kirahisi. Ile chokaa ya kilimo mnayomwaga shambani kupunguza tindikali ya udongo ni jiwe lililosagwa tu, haijachomwa, haigandi hata ukeshe nayo. Inayojenga ni ile iliyochomwa kwenye tanuru, joto kama nyuzi 900, halafu ikazimwa kwa maji. Upande wa Songwe mawe ya chokaa yapo ya kumwaga. Mkipata ambayo haijazimwa, miwani machoni na glavu mikononi, watoto wakae mbali, ikikutana na maji inachemka kweli na jicho haliponi. Ikishazimwa ikae ndani ya maji wiki kadhaa, inavyokaa ndo inavyolainika kama samli. Changanya moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto wenye chenga siyo ule laini. Kwa sehemu zenye unyevu ongeza kidogo unga wa tofali za kuchoma au jivu la volkano la kule Rungwe, mchanganyiko unashika vizuri zaidi, Warumi walikuwa wanafanya hivyo hivyo na jivu la Pozzuoli. Lipu ikishapigwa funikeni kwa magunia yenye maji wiki nzima, isikaushwe na jua.

Muda: Juni na Julai kwenu kuna sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, chokaa mbichi ikipigwa na sakitu inapasuka, Novemba mvua zinaingia. Kwa hiyo mna Agosti mpaka Oktoba katikati, hapo ndo mpige lipu, mwaka unaofuata baada ya kile kiangazi cha kukausha.

Ufa wa juu ya mlango mkubwa sijauogopa sana. Linta pale ni mbao, na kwenye picha ya saba upande wa kulia imelika, aidha mchwa aidha maji ya kwenye bati lililotoboka juu yake. Linta ikilegea mawe ya juu yanashuka, ufa unapanda kama ngazi kuelekea paa, na wa kwenu ndivyo ulivyo. Bandikeni vipande viwili vya kioo chembamba kukatiza ufa kwa plasta ya jasi, andika tarehe kwa kalamu ya maka. Kioo kikipasuka ndani ya miezi mitatu ufa unatembea bado, na hata kisipopasuka linta ibadilishwe. Kazi hiyo ifanyike mirunda ikiwa imeshikilia pande zote mbili, na mbao mpya iwe ngumu. Msiweke paini ya Sao Hill ambayo haijatiwa dawa kwa sababu tu iko jirani na bei yake nzuri.

Ng'ombe wanaweza kukaa kwenye zizi, ila siyo kama fundi alivyochora. Akimwaga jamvi la zege ukuta kwa ukuta, unyevu wote wa chini utakimbilia kwenye mawe, tutarudi pale pale. Sakafu ya mawe iliyopo ina mteremko wake na mfereji katikati, iosheni muone, naamini bado inafanya kazi. Kama lazima zege, liishie sentimita 20 kabla ya ukuta, hapo katikati wekeni kokoto. Mkojo uende nje kwenye shimo la biogesi, usilale ndani. Na ng'ombe wanne siyo nane, nyie hesabuni wenyewe ule upana, farasi walikuwa wanne, pete ziko nne.

Mahindi yakae upande wa ghala, yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13, juu ya chaga, yaachane na ukuta nusu mita ili mtu apite akague dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi. Mbolea msiiweke humo kabisa. Naona kwenye picha ya pili kuna mifuko imeegemea ukuta, CAN ni chumvi pia, na urea ikioza inageuka kuwa chumvi, mtakuwa mnalisha ukuta kile kile tunachohangaika kukitoa.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa, kwa hiyo kabla ya kubadilisha ukuta wowote piteni kwa afisa utamaduni wa halmashauri mpate jibu kwa maandishi. Mkifika Iringa mjini ingieni pia pale Boma, ni jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, mkague kuta zake, muone jengo la zamani likitunzwa linakuwaje.

La mwisho nilitaka kulisahau. Umesema kuna kijana wa chuma chakavu kaja mara mbili kutaka bawaba za mlango mkubwa. Usimuuzie. Zimefuliwa kwa mkono, mlango ule una uzito wa watu watatu na bawaba za dukani zitaung'oa mwaka huu huu. Zipakeni grisi, na unipigie picha ya upande wa nyuma wa ile ya juu kushoto, naona kama kuna namba imegongwa kwenye chuma lakini kutu imeifunika.